Kwa vijana wapya wa nyaraka: faili si lako, wala si la bosi wako

Msimu wa wanafunzi wa mafunzo ya vitendo umefika tena, na kabla wiki ya kwanza haijaisha nimeshaona yaleyale. Mmoja amechomoa pini zote za jalada la mwaka 1938 bila kutazama folio (namba ya kila karatasi ndani ya faili), kwa sababu pini zilikuwa na kutu. Mwingine amepiga picha barua ya mirathi ya watu na kuiweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Wa tatu, ambaye ana bidii kuwashinda wote, nimemkuta kwenye chumba cha kusomea akimweleza mgeni mmoja faili ambalo mgeni mwingine aliliagiza asubuhi.

Wote watatu nawapenda. Wametoka Makerere wamefundishwa vizuri, na kanuni kumi za maadili za Baraza la Kimataifa la Nyaraka, zile zilizopitishwa Beijing Septemba 1996, wanaweza kuzitaja moja baada ya nyingine bila kukwama. Lakini kuzijua kanuni ni jambo moja, na kuketi mbele ya boksi lenye vumbi huku mkubwa amesimama mlangoni na haraka zake ni jambo lingine. Basi nawaandikia, nyinyi na watakaokuja baada yenu. Sitaeleza jinsi ya kuandika BU, ile alama ya faili kurudishwa mezani siku fulani, wala kwa nini folio huandikwa kwa wino mwekundu. Hayo mnayajua.

1. Faili si lako, wala si la bosi wako

Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 41, inampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali, isipokuwa pale inapoweza kuhatarisha usalama au mamlaka ya nchi, au kuingilia faragha ya mtu mwingine. Sheria ya Rekodi na Nyaraka za Taifa ya 2001 nayo imeweka utaratibu wa kuzitunza. Ukiyasoma hayo mawili pamoja utaona kwamba CAO (mtendaji mkuu wa wilaya), RDC (mwakilishi wa rais wilayani), mbunge na mkuu wa idara ni watumiaji kama watumiaji wengine. Wanaazima, na mtu anayeazima husaini.

Kila mwaka nawaona vijana wanaotetemeka gari la serikali likisimama uani. Daftari la kuazimia linasahaulika, faili linapandishwa garini, bwana mkubwa anapata uhamisho, na sasa hakuna anayejua kama liko Mbale au Masindi. Simama, kalamu mkononi, daftari limeshafunguliwa kwenye ukurasa wake, useme: "Mheshimiwa, naomba saini hapa." Wakubwa wengi husaini bila neno. Wanaokasirika huwa wamekuta daftari limefungwa na mtunza kumbukumbu anababaika, wakajua huyu anaweza kusukumwa.

Na wewe mwenyewe usibebe kitu nyumbani. Kanuni ya nane kati ya zile kumi inakataza mtu wa nyaraka kujikusanyia hati halisi au kuzifanyia biashara. Kuna kijana aliwahi kubandua stempu kwenye bahasha za zamani, zile za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye sura ya mfalme, ampelekee mjomba wake anayezikusanya. Alidhani bahasha ni takataka, na barua ndiyo rekodi. Barua yenyewe haikuwa na tarehe. Tarehe ilikuwa kwenye mhuri wa posta, na mhuri ulikuwa juu ya stempu. Mjomba alizirudisha, mtu mwema sana, na alikuja mwenyewe kwa boda boda kuziomba radhi kana kwamba stempu zina masikio. Lakini mhuri uliokatika katikati haukuungana tena sawasawa.

2. Usipange upya

Hapa nitakaa, kwa sababu hili ndilo linaloniamsha usiku.

Ilikuwa katika wilaya ambayo sitaitaja. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na ghala la boma la zamani, majalada yamerundikwa sakafuni, mengine yameshikana kwa unyevu, mchwa wamepanda kutoka pembeni. Tulipewa vijana kadhaa, fedha kidogo na muda mfupi, maana wageni walikuwa wanakuja kutoka Kampala na mkuu wetu alitaka waone kazi. Tulikuwa na nguvu na tulijiamini. Tulipofungua majalada ya Mkuu wa Wilaya (DC) wa enzi ya ukoloni tukaona "yamechanganyika": barua ya kiwanja, chini yake malalamiko dhidi ya chifu wa gombolola (sehemu ya wilaya), chini yake kodi ya kichwa, chini yake habari ya ng'ombe waliovuka mpaka, kisha kiwanja tena. Tukaamua kuyanyoosha. Nami nilikuwa wa kwanza kuunga mkono, tena kwa sauti.

Tukachomoa pini. Tukatengeneza marundo: ARDHI, KODI, MACHIFU, MIFUGO, ASKARI WA ZAMANI. Majalada ya nje yalikuwa yameraruka, tukayavua na kuweka mapya, meupe, yenye lebo zilizochapwa. Zile karatasi za madokezo, ambazo ofisa mmoja humwandikia mwenzake mstari mmoja na kutia herufi za jina lake, tukaziona hazina habari. "Ongea nami." "Nimeona." "Folio 14, jibu." Tukazitia kwenye magunia pamoja na majalada yaliyoraruka. Wageni walikuja, wakapiga picha mbele ya rafu, wakatusifu. Mkuu wetu alinunulia kila mtu soda.

Baadaye akaja mama mmoja wa familia ya Wanubi. Alizungumza Kiswahili cha kambini, kile alichokirithi kwa baba yake, aliyekuwa askari wa KAR (jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), kikosi cha nne, na kurudi nyumbani baada ya vita ya pili. Baba alikuwa ameomba kwa DC ruhusa ya kukaa kwenye kipande cha ardhi kando ya mji, na ukoo ulikaa hapo tangu wakati huo. Sasa kulikuwa na mtu mwenye karatasi mpya aliyetaka watoke. Mama alifungua kanga, akatoa mfuko wa plastiki, ndani yake jibu fupi ambalo ofisi ilimpelekea baba yake kumwambia ombi lake linashughulikiwa. Limefifia, lakini juu kabisa lilikuwa na namba ya faili, na namba ya folio pia.

Mnajua furaha ya kuletewa namba. Watu huja na "babu yangu alisema", na huyu alikuja na kumbukumbu kamili kama imetoka masijala jana. Nikamwambia akae, nikaingia ghalani nikiwa na uhakika.

Namba ile haikuwepo tena, kwa sababu tuliifuta sisi. Nikatafuta kwenye rundo la ASKARI WA ZAMANI na nikaipata barua ya baba yake: Kiswahili, mwandiko wa mwandishi wa barua wa sokoni, chini alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau. Mama alipoiona aliigusa ile alama ya dole kwa kidole chake. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuona baridi mwilini, maana nilijua kilichofuata. Barua ni ombi. Alichohitaji mama ni jibu: chifu aliulizwa akasema nini, mpima ardhi alichora wapi, na DC aliamua nini kwenye karatasi ya madokezo. Tulizigawanya zote. Na karatasi za madokezo zilikuwa kwenye magunia. Nilimwendea mlinzi kuuliza habari za magunia. Akaniambia yaliondolewa siku ya usafi wa jumla, yakaenda sokoni, wauza karanga wakafurahi sana.

Shauri lilipofika mahakamani nilikwenda na nakala iliyothibitishwa. Wakili wa upande wa pili hakuwa mkali hata kidogo. Aliuliza mambo mawili tu. La kwanza, ombi tumeliona, jibu liko wapi. La pili, jalada hili ni jipya na lebo yake ni ya juzi, sasa ofisi inathibitishaje kwamba barua hii ilikuwa kwenye faili la DC na haikuingizwa na mtu baadaye? Hilo la pili ndilo lililonimaliza. Barua ilikuwa ya kweli, niliijua ni ya kweli, na ofisi yangu ndiyo iliyokuwa imeiondolea kila kitu cha kuishuhudia: jalada lake, jirani zake, zamu yake. Mama alikaa nyuma yangu akingoja nijibu.

Nilichojibu ni ukweli, kwamba tulipanga upya. Ikaandikwa hivyo.

Baada ya hapo tulimwomba karani wa masijala aliyestaafu aje atusaidie, mzee aliyeanza kazi enzi za utawala wa kwanza wa Obote. Hakusoma neno hata moja. Alichukua karatasi mbili, akazipandisha dirishani penye mwanga na kuzisogeza taratibu mpaka matundu ya pini yakakutana. Kisha akatuonyesha doa la kutu: pini iliyolala muda mrefu huacha mchoro wake kwenye karatasi ya juu na ya chini, na michoro hiyo miwili hulingana. Pale ambapo pini haikusaidia, alitumia mchwa. Tundu la mchwa huingia pana kwenye folio moja, hupungua kwenye inayofuata na kupungua tena, kwa hiyo ukizipanga kwa ukubwa wa tundu unapata mpangilio. Kutu tuliyoiona uchafu na mchwa tuliowalaani ndivyo vilivyotusaidia kurudisha tulichoharibu. Hatukurudisha chote. Mchoro wa mpima na jibu la chifu vilipatikana, vikakaa tena jirani na ombi la yule askari. Uamuzi wa DC haukuonekana mpaka leo. Shauri liliisha kwa maelewano, familia ikabaki na sehemu ndogo ya walichokuwa nacho.

Kwa nini karatasi za kodi na ng'ombe zilikuwa kwenye faili moja na kiwanja? Kwa sababu DC alikuwa anashughulika na watu walewale, mahali palepale, katika majuma yaleyale. Ile tuliyoiita fujo ilikuwa kazi yenyewe, jinsi ilivyofanyika. Fikirini daftari la madeni la mama wa duka: ukikata kurasa, ukaweka sukari kwake na sabuni kwake, utajua duka liliuza sukari kiasi gani, lakini hutajua tena nani anadaiwa.

Mfano mwingine mnaujua. Zile negativu zipatazo 70,000 za wapigapicha wa serikali zilizokutwa kwenye shirika la utangazaji la taifa, ambazo baadhi zilionyeshwa Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Thamani yake iko kwenye filamu, ndiyo, lakini pia kwenye bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio. Toa negativu kwenye bahasha uziweke kwa "sura nzuri" na "sherehe", na utabaki na watu wanaotabasamu katika miaka ya Amin bila mtu kujua ni siku gani na nani hakuwepo.

Kwa hiyo ukikuta faili unalodhani limevurugika, liache. Chora ulivyolikuta, andika, hesabu folio, kisha nenda kamuulize mtu. Pini yenye kutu itatolewa, lakini kwa mpango: moja baada ya nyingine, karatasi zikibaki kwenye zamu yake, na kipande cha karatasi kikisema zipi zilibanwa pamoja.

3. Simu yako

Faili la zamani lina watu hai ndani yake. Mtoto aliyetajwa kwenye shauri la malezi la 1974 leo ni bibi anayeuza mboga mtaa wa pili. Kwenye majalada ya hospitali, ya magereza, ya mirathi, kuna mambo ambayo familia imeyaficha kwa miaka mingi na kwa sababu nzuri. Kwenye barua za miaka ya sabini kuna jina la aliyechongea na jina la aliyechongewa, na wajukuu wao wanasali msikiti mmoja. Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019 ipo, isomeni, lakini hata kabla ya sheria hiyo watu wa masijala walikuwa na desturi: lililosomwa ghalani halipandi teksi.

Yule wa stetasi ya WhatsApp aliniambia hakutaja jina. Kweli hakutaja. Lakini picha ilionyesha kijiji, mwaka na idadi ya wake wa marehemu. Kwa kijiji kile hiyo ni zaidi ya jina. Alifuta, akaenda kuomba msamaha kwa familia, na nilifurahi kwamba alikwenda mwenyewe bila kusukumwa.

Habari za watafiti nazo ni siri. Mtu akikuuliza kama kuna mwingine anayefuatilia jambo lake, usijibu mpaka yule wa kwanza amekubali ajulikane. Wawili hao wanaweza kuwa wanafunzi wanaoshindania mada, au wanaweza kuwa pande mbili za kesi ya ardhi.

4. Benchi la nje

Hili hunikasirisha kuliko yote, basi niseme bila kuzunguka. Akija mtafiti wa kigeni na laputopu yake, anapata kiti, soketi ya umeme, na mtu wa kumletea maboksi mpaka mezani. Akija mzee kutoka gombolola na ndala, anaambiwa akae kwenye benchi la nje "kidogo", na kidogo hiyo inafika saa tisa, muda wa basi lake. Simlaumu mtafiti. Amejaza fomu, anafanya kazi yake. Nawalaumu ninyi mnaofanya benchi liwe na tabaka. Kanuni ya sita inataka huduma bila upendeleo kwa watumiaji wote, na Sheria ya Kupata Taarifa ya 2005 inampa ofisa siku 21 kumjibu mwombaji. Haisemi siku 21 kwa mwenye ndala na dakika 21 kwa mwenye laputopu.

Wengi wa wazee hawa hawasomi Kiingereza, na majalada mengi ni ya Kiingereza. Msomee. Kwa Kiswahili, kwa Kiganda, kwa Kilugbara, kwa lugha mnayoelewana; kama huiwezi, mwite mwenzako anayeiweza. Na ukisoma, soma yote. Niliwahi kuombwa na mzee mmoja nimsomee mistari yenye jina la babu yake tu. Nikamwambia, baba, nitakusomea karatasi nzima, kisha utaamua unachotaka nakala yake. Mistari yenye jina ilimsifu babu. Aya iliyofuata, ambayo haikuwa na jina, ilieleza jinsi "mtu huyo huyo" alivyopigwa faini kwa kuficha ng'ombe wakati wa sensa. Mzee alicheka mpaka akafuta macho, akasema sasa ameelewa kwa nini shangazi zake walikuwa na maziwa mwaka wa njaa. Akachukua nakala ya karatasi nzima.

5. Chai

Ukipokea elfu tano ya "usafiri" kwa kutafuta faili ambalo ni kazi yako kulitafuta, atakuja mwingine na elfu hamsini ya kulipoteza, na huyo ameshaambiwa bei yako. Ada halali imebandikwa ukutani na ina risiti. Sina zaidi.

6. Kuteketeza

Ratiba ya kutunza na kuondoa rekodi ipo, na inafanya kazi nzuri. Bila hiyo tutazama kwenye fomu za likizo. Lakini hakuna rekodi inayoondolewa kwa sababu rafu imejaa, au kwa sababu mtu fulani anataka iondoke. Kuna orodha, kuna idhini, kuna cheti cha kuteketeza, na cheti kinatunzwa daima.

Nataka mjue kwamba nchi yetu ina historia yake ya moto. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alitoa maagizo kwamba nyaraka ambazo zingeweza kuiaibisha serikali yake, polisi, jeshi au watumishi wake, au kufichua wapashaji habari, zisiachiwe serikali mpya. Hapa Uganda kazi hiyo ilipewa jina la Operation Legacy. Majalada yalichambuliwa, mengine yakapigwa alama ya siri ya DG, na aliyeruhusiwa kuyashika alikuwa raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya tu. Yapo yaliyochomwa na yapo yaliyosafirishwa. Yaliyosafirishwa kutoka makoloni 37 yalifichwa Hanslope Park, Uingereza, mpaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau kutoka Kenya ilipoilazimisha serikali ya Uingereza kukiri kuwa nayo. Leo mtu anayetaka kuyasoma ya Uganda anakata tiketi ya ndege kwenda London, yako Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, kundi la FCO 141. Yaliyochomwa hayana kundi.

Ndiyo maana kijana anaponiambia "hii karatasi inamwaibisha mheshimiwa fulani, tuiondoe," namkalisha chini. Waliofanya kazi ya Legacy walikuwa makarani na maofisa kama sisi, wenye rafu, orodha na tarehe ya mwisho ya kazi. Na sisi wenyewe tumenufaika na waliokataa kutupa. Amin mwenyewe aliunda tume mwaka 1974 kuchunguza watu waliopotea, na ushahidi ulioandikwa mbele ya tume ile umebaki kuwa ushahidi dhidi ya utawala wake. Tume ya Jaji Oder, iliyoundwa 1986 kuchunguza uvunjaji wa haki za binadamu, ilichapisha ripoti yake 1994, na familia bado zinaipekua kutafuta jina moja. Fikirini kama masijala mojawapo njiani ingesema rafu imejaa.

Moto wa bahati mbaya nao upo. Usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020 jengo kuu la Makerere, lililofunguliwa 1941, liliungua, na wengi wetu tulisimama mbele ya televisheni tukiwaza jambo lilelile: nakala ziko wapi? Muulize msimamizi wako swali hilo juma hili.

7. Madogo madogo

Penseli tu kwenye chumba cha kusomea. Nawa mikono na uikaushe. Glavu ni za picha na negativu, kwa karatasi ya kawaida zinakufanya uwe mzito wa vidole na kurarua. Selotepu ni adui. Usilaminishe kitu chochote cha kudumu, hata akikuagiza nani. Ukiskani, skani na mgongo wa karatasi, maana DC hakuishiwa nafasi, aligeuza. Boksi halikai sakafuni. Kila mvua ya kwanza ikinyesha, kagua pembe za ghala kwa mchwa kabla ya kunywa chai. Karanga huliwa nje, na nyinyi mmeshajua kwa nini sipendi kuziona karibu na karatasi.

8. "Na bosi akiniagiza nitoe ukurasa?"

Hili aliniuliza yule yule mwenye bidii, jana, wakati wa kufunga. Nimelifikiria usiku.

Usibishane naye korido. Mwambie: "Naomba agizo hilo kwa maandishi, nilitie kwenye faili." Maagizo mengi ya namna hii hufia hapo hapo. Likija kwa maandishi, litie kwenye faili kama ulivyosema, lipe folio, na usitoe ukurasa. Peleka suala kwa ofisa wa rekodi aliye juu yake, kwa barua, ukitaja sheria ya 2001. Kama ukurasa una siri halali, utaratibu wa kuufungia upo: unawekwa kwenye bahasha, mahali pake panaachwa karatasi inayosema nini kimetolewa, lini, na kwa idhini ya nani, na folio haibadilishwi namba. Faili linabaki linasema kweli hata kwa mtu asiyeruhusiwa kuiona bahasha.

Akauliza pia kama anaweza kufukuzwa kwa hilo. Anaweza kuhamishwa; nimewaona wenzangu wakihamishwa, mmoja akapelekwa mbali na watoto wake kwa muda mrefu, na sitamdanganya mtu kwamba hilo ni jepesi. Ndiyo maana nasema usilibebe peke yako. Karatasi za kuonyesha ukurasa uliotolewa ziko droo ya pili ya kabati la chuma, daftari la kuazimia liko juu yake, na ukihitaji mtu wa kutia saini kama shahidi, niite, nitasaini kabla yako.